Mawe Mbele ya Nyumba ya Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa fundi cherehani, na kazi iliyomjengea jina ni ile ambayo mafundi wengine huifanya kwa kununa: kupinda. Suruali iliyomzidi mtu urefu, gauni lililofumuka chini, pazia linaloburutika sakafuni, vyote vilipita mikononi mwake na kurudi kwa wenyewe vimenyooka. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na dirisha hilo lilitazama kipande cha ardhi kilichokuwa kati ya mlango na geti.

Hakikuwa kipande cha kumringia mtu. Mgeni mwenye haraka alikivuka kabla hajamaliza kupiga hodi. Lakini kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mumewe, fundi magari ambaye gereji nzima ilimjua kwa jina la Spana. Jioni akirudi kazini, hata kabla ya kunawa, Spana alichuchumaa hapo mbele aking'oa majani na kuimwagilia asmini yake ya kwenye kona. Mkewe akimwambia aingie ndani apumzike, alijibu kwamba mtu aliyeshinda chini ya magari ana haki ya kutazama kitu kinachoota.

Kisha kiharusi kikaja bila hodi. Asubuhi moja Spana alikuwa anavaa shati, mkono wa kulia ukagoma kuingia. Akamwita mkewe amsaidie, na kilichomtoka kinywani hakikuwa neno. Mama Pindo alitupa mkasi aliokuwa ameshika, akapaza sauti kuita majirani, na kabla jua halijawa kali walikuwa hospitali. Madaktari walihangaika naye. Dada yake mkubwa alikuja kutoka mji wa mbali, akawa anapokezana zamu na mkewe pale kitandani. Mwisho wa yote mgonjwa akarudi nyumbani, hai. Mguu wa kulia ulikuwa unaburutika, mkono wa kulia umejikunja kifuani, na maneno yakawa machache, yanatoka moja moja, kwa jasho.

Mama Pindo hakuwa mtu wa kulalamika. Alimshukuru Mungu, akawashukuru waliombeba, waliomgeuza kitandani, waliomletea uji bila kuombwa. Alichoshindwa kukizoea ni kimoja tu: Spana alikataa kutoka nje.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole aliyefika nyumbani kila wiki, alisema bila kuzunguka. "Mama, ndani hapatoshi. Atoke. Apate jua, asalimiane na watu. Mguu unajifunza kwa kutembezwa. Na mkono huu usipopewa kazi utasahau kazi."

Kwa ajili ya mkono alimpa mpira laini wa kuminyaminya. Spana aliutazama ule mpira, akausukuma chini ya mto, akasema, "Watoto." Mkewe alielewa. Hicho kilikuwa kitu cha watoto, na yeye alikuwa mtu mzima aliyewahi kushusha injini za malori.

Kutoka nje walijaribu mara moja. Mvua zilikuwa zimenyesha, na bila mwenyewe kile kipande kilikuwa kimegeuka kichaka. Magugu ya ndago yalikuwa yameota mpaka kizingitini, na njia ya udongo ilikuwa imechimbika mashimo. Mkongojo wake wa miguu minne ulikwama kwenye majani, mguu mbovu ukanasa, na Spana akaenda chini mzimamzima, watu wakipita barabarani. Hakuumia. Waliomwinua walimwinua kwa heshima. Lakini uso wake wa siku ile Mama Pindo hakuweza kuusahau, na tangu hapo ukimgusia habari ya kutoka, jibu lilikuwa moja: "Ndani."

Mama Pindo akakivalia njuga kile kichaka. Kila alfajiri kabla ya cherehani alipiga magoti mbele ya nyumba, aking'oa. Ndago hazina adabu. Ukizing'oa leo, kesho zinakuchungulia, kwa sababu chini ya udongo zimeacha vinundu vyao. Magoti yake yalianza kulia. Siku moja alipokuwa anamrudishia mteja mapazia, aliona uwanja wa mbele wa yule mteja umetandikwa mawe madogo, safi, hakuna hata unyasi. Akauliza siri yake. Mteja alifukua mawe kwa ncha ya kiatu, akamwonyesha kitambaa cheusi kilichokuwa chini.

"Hiki ndicho kinachozuia magugu. Mvua inapenya, jua halipenyi. Majani yakikosa jua yanakata tamaa."

Mama Pindo alirudi nyumbani roho inamdunda kama msichana aliyeahidiwa safari. Jioni hiyo alipokuwa anampa wifi yake habari za mgonjwa kwa simu, alijikuta anamwambia na habari za mawe.

"Nakuja," akasema wifi yake, akakata simu.

Sasa, hapa lazima ijulikane kwamba Mama Pindo na wifi yake hawakuwa watu wa kualikana. Walikuwa watu wa kuheshimiana kwa mbali. Huyo dada yake Spana alikuwa amestaafu upishi mkuu katika shule ya bweni, na sauti aliyoizoea kule jikoni, ya kushinda kelele za masufuria, hakuiacha shuleni. Familia ilimwita Kengele. Alishuka kwenye basi akiwa na begi moja, kofia pana na viatu vya mpira vya magotini, akasimama getini akatazama kile kichaka.

"Mh! Wifi, hapa mnafuga nini, chui?"

Mama Pindo alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Walikwenda pamoja kwa muuza mawe, mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Alikuwa na mawe ya kila namna kwenye mafungu: ya kijivu yaliyopondwa, mekundu yenye ncha, mapana bapa yaliyoegemezwa ukutani. Lakini Mama Pindo macho yake yalinasa kwenye fungu moja la mawe meupe ya mviringo, laini kama mayai yaliyomenywa. Aliyachota, akayaacha yamiminike kati ya vidole.

"Haya," akasema.

"Yanakwenda kutazamwa au kukanyagwa?" akauliza muuza mawe.

"Yote mawili," akajibu Mama Pindo, hata hakumgeukia. Muuza mawe akafungua mdomo aongeze neno, lakini Kengele alikuwa ameshaanza kumuuliza kuhusu kitambaa, na Kengele akiuliza, wengine hunyamaza.

Kitambaa kilikuwa kimeviringishwa kwenye bomba la karatasi. Mama Pindo alikishika kwa vidole viwili kama anavyoshika kila kitambaa, akakivuta huku, akakivuta kule. Kizito, hakichaniki ovyo. "Kizuri hivi kinakwenda kuzikwa," akasema kwa masikitiko ya kweli, na muuza mawe akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Kazi ilianza kesho yake. Kengele alishika jembe, Mama Pindo reki. Walifyeka kwanza, kisha wakachimba, kwa sababu muuza mawe aliwaonya kwamba kutandika kitambaa juu ya ndago hai ni kuzitandikia shuka. Waliokota vinundu kwenye udongo mmoja baada ya mwingine, Kengele akitoa amri kama aliye na wapishi wasaidizi kumi nyuma yake. "Hapo umeacha! Hapo tena! Wifi, unachambua mchele au unaupapasa?" Waliondoa mizizi, wakasawazisha, wakaushindilia udongo kwa kipande cha gogo walichokuwa wanakiinua wote wawili na kukiachia. Majirani waliopita waliwapa pole ya kazi, na wengine walisimama kushika jembe kidogo kabla ya kuendelea na safari zao.

Ndani, Spana alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya cherehani, anatazama kupitia dirishani. Mkewe aligundua kwamba siku hizo hakuomba kurudishwa kitandani.

Siku ya kutandika kitambaa, Mama Pindo alikuwa kwenye fani yake hasa. Alipima kwa macho, akakata kwa mkasi wake mkubwa, na vipande vilipokutana alivipandisha kimoja juu ya kingine upana wa shubiri. Kwenye kona ya asmini alikata msalaba, akaupitisha mti katikati, akazirudisha ncha nne zikafunga shina kama kola. Kisha akapiga magoti pembeni, kwenye ukingo wa matofali, akaanza kukunja ukingo wa kitambaa kwa ndani, taratibu, kabla ya kuubana chini kwa vyuma vilivyopindwa.

"Wifi," akaita Kengele, "unapinda?"

"Kisipopindwa kitafumuka."

"Kinafukiwa! Nani atakuja kukagua, funza?"

"Mimi nitajua."

Kengele alisimama, akajishika kiuno, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana nyumba hii haijaanguka," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Labda ni hiyo sauti ndogo iliyomfungua Mama Pindo. Bila kuinua macho akasema jambo alilokuwa amelibeba tangu alipoolewa.

"Siku ya harusi yangu uliniita sindano."

"Mimi?"

"Ulisimama na shangazi zako, ukasema, 'Mdogo wangu kaoa sindano.' Nilisikia. Nilikuwa mwembamba, ndiyo, lakini nilisikia."

Kengele alikaa chini, pale pale kwenye kitambaa. Alianza kucheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Nilisema. Nakumbuka hata gauni nililovaa. Wifi, mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyemlea huyu. Nimemwogesha, nimemfunga viatu. Akaja mtu wa kumchukua. Hata ungekuwa mnene kama pipa ningekutafutia jina."

Mama Pindo alibana chuma kimoja, akabana cha pili. "Basi ungeniambia."

"Nakuambia sasa. Na nikuambie na hili, maana sijalisema: pale hospitali nilikuona ulivyokuwa unamlisha. Nilitoka nje nikashukuru kwamba alikuoa wewe."

Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo. Kengele aliinuka, akachukua nyundo, akaja upande wa pili wa ukingo, akapiga magoti, naye akaanza kupinda. Alipinda vibaya. Mama Pindo aliona, akaacha, na yeyote anayemjua fundi yule anaelewa kwamba hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Mawe yalipomwagwa na kusawazishwa kwa reki, uwanja uling'aa. Meupe matupu, asmini ya kijani ikisimama kwenye kona yake, ukingo wa matofali umezunguka vizuri. Mama Pindo alinawa, akabadili kanga, akaingia ndani kumchukua mumewe. "Twende ukaone kwako."

Spana alisita, akamtazama mkewe, akainuka. Mpaka kizingitini mambo yalikuwa mazuri. Kisha mkongojo ukagusa mawe. Miguu yake minne ilizama, kila mmoja upande wake. Mawe ya mviringo yakaviringika chini ya kiatu. Spana aliburuta mguu mbovu, nao ukasukuma rundo la mawe mbele yake, ukagoma. Alisimama hapo, katikati ya ule uzuri wote, hawezi kwenda wala kurudi, jasho likimtiririka. Mkewe na dada yake walimshika huku na huku, wakamgeuza.

"Ndani," akasema Spana.

Mama Pindo alimkalisha, akamfuta jasho. Kisha akaenda akakaa nyuma ya cherehani, akainamia meza, akalia. Sasa swali la muuza mawe lilikuwa linamrudia masikioni, kutazamwa au kukanyagwa, na jibu lake la haraka. Alikuwa amejenga uwanja mzuri kuliko wote mtaani, na mtu aliyemjengea ndiye pekee asiyeweza kuuvuka.

Kengele aliingia, akavuta kigoda.

"Wifi, nikupe kisa. Mwaka mmoja wageni wakubwa walikuja kutembelea shule, nami nikaunguza sufuria kubwa la maharage. Lile la shule nzima. Harufu mpaka darasani. Unajua nilifanya nini?"

Mama Pindo alitikisa kichwa bila kukiinua.

"Nililia kwanza. Nilijifungia stoo, nikalia vizuri. Halafu nikatoka, nikachota ya juu yasiyoungua, nikayahamishia sufuria safi. Yaliyogandia chini ndiyo yaliyoharibika, siyo yote. Na wewe hapa njia ndiyo iliyoharibika. Bustani haina kosa. Lia umalize, halafu kesho tunatoa mawe ya katikati tu, tunaweka yale mapana bapa. Yule bwana wa kalamu anayo, niliyaona."

Mama Pindo alilia akamaliza.

Asubuhi walianza kuchota. Mawe ya katikati yalitolewa kwa beleshi, lakini beleshi halikufika kila mahali bila kuchana kitambaa, kwa hiyo mengine ilibidi yaokotwe kwa mkono na kutiwa kwenye ndoo. Spana alikuwa ameletewa kiti chake kizingitini ili apate upepo. Alikubali kwa sababu kizingiti bado kilikuwa ndani. Wanawake walikuwa wameinama, wanaongea habari za watoto na bei za sokoni, wakasikia ndoo iliyokuwa karibu na mlango inalia: ngo.

Wakageuka. Spana alikuwa ameinama kwenye kiti. Kwa mkono wa kushoto aliokota jiwe, akaliweka kwenye kiganja cha kulia, akakunja vile vidole kimoja kimoja, kwa mkono mzima, mpaka vikalishika. Kisha akausogeza mkono wa kulia juu ya ndoo, uso umekaza kama mtu anayefungua nati iliyoshika kutu. Vidole vilitetemeka, vikaachia. Ngo.

Mama Pindo aliogopa kwamba akipumua kwa nguvu jambo lenyewe litakimbia. Ni Kengele aliyeshindwa kuvumilia.

"Wewe! Nani kakuajiri?"

Spana alimtazama dada yake. Midomo ilihangaika kidogo. "Kazi," akasema. Akapumzika. "Yangu."

"Haya, lakini sare hatuna, na chai ya saa nne ni kwa wanaofika mapema!"

Hapo Spana akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kimepinda, lakini kilikuwa chake. Mkewe alikuwa hajakisikia tangu ile asubuhi ya shati. Alijifanya anafuta vumbi machoni, akamsogezea mumewe ndoo karibu zaidi, akamsukumia na rundo la mawe miguuni. Mpaka jua linakuwa kali ile ndoo ilikuwa imejaa, na Spana alikuwa amechoka uchovu wa mtu aliyefanya kazi, siyo ule wa mtu anayeumwa.

Mawe bapa yalipoletwa, walitandaza mchanga kidogo juu ya kitambaa, wakayapanga yakigusana kutoka mlangoni hadi getini. Kengele alikanyaga la kwanza, akasifu. Spana, pale kitini, akatikisa kichwa.

"Nini?" akauliza mkewe.

"Linacheza."

Lilikuwa neno la gereji. Ndivyo alivyokuwa akisema alipotikisa gurudumu na kusikia limelegea. Mama Pindo alikanyaga pembeni, na kweli, jiwe lilinesa kidogo. Wakalitoa, wakaongeza mchanga, wakalirudisha. Spana akanyoosha kidole cha kushoto kuonyesha lingine. Wakalitoa na hilo. Walipofika la mwisho Kengele alikuwa anahema. "Heri alipokuwa hasemi," akanong'ona, na Mama Pindo akampiga kwa kitambaa cha kichwani, wote wakicheka.

Mtaalamu wa mazoezi alipokuja wiki iliyofuata alimkuta Spana kizingitini na ndoo yake, anayahamisha mawe kutoka ndoo hadi beseni. Alichuchumaa mbele yake, akamshika ule mkono, akaomba afunge vidole. Vilifunga, si sana, lakini vyenyewe, bila kusaidiwa. Yule binti aliinua uso, macho yanang'aa. "Nani kakupa zoezi hili?"

Spana akaelekeza kidevu kwa mkewe.

"Si mimi," akasema Mama Pindo haraka. "Mimi nilikosea njia tu."

Siku hiyo hiyo walimjaribu kwenye mawe bapa. Mkongojo ulisimama imara. Mguu ulifuata, kwa shida, lakini haukunaswa na kitu. Alifika nusu, akarudi. Kesho yake akaenda nusu na kidogo. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika getini kwa mara ya kwanza, alilishika lile geti kwa mkono wa kulia, akaegemea, akatazama barabara kama aliyerudi kutoka nchi ya mbali. Dereva wa gari la taka, ambaye Spana aliwahi kumtengenezea breki, alimwona, akasimamisha gari katikati ya njia, akapiga honi mpaka watu wakatoka majumbani. "Spana! Spana yupo!"

Kengele alikaa nao mpaka mvua zilipokwisha, halafu akasema inatosha, kwake nako kuna vumbi. Mama Pindo alimshonea gauni la kuondokea. Alilishona kimyakimya, kwa kukadiria, na likamkaa kama alipimwa. Kengele alijigeuza mbele ya kioo, akakosa la kusema, jambo ambalo familia haikuwahi kulishuhudia. Mwishowe alimshika wifi yake mikono yote miwili. "Umenilipa," akasema.

"Sijakulipa. Siwezi kukulipa."

Spana ndiye aliyemsindikiza dada yake. Alitangulia mbele, mkongojo ukigonga mawe, na Kengele akatembea nyuma yake taratibu akiwa na begi, hakusema neno la kumhimiza mpaka wakafika. Getini aliinama, akamrekebisha mdogo wake kola kama alivyokuwa akimfanyia zamani, akaenda zake kituoni bila kugeuka.

Mama Pindo aliwaona kupitia dirishani, mguu wake ukiwa umetulia kwenye pedali. Alimshukuru Mungu kwa sauti, peke yake, na alipomaliza kwa Mungu akaendelea na wengine: wifi yake, yule binti wa mazoezi, mteja wa mapazia, hata muuza mawe aliyeuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakulijibu vizuri. Kisha akapakua chakula, akakifunika, akaita.

"Baba! Chakula tayari!"

"Nakuja," akajibu Spana kutoka getini.

Hakuja. Mtu mmoja alikuwa amesimama naye na pikipiki inayokohoa, na Spana alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza. Mama Pindo aliita tena, akajibiwa tena. Akasubiri kidogo. Halafu akachukua sahani zote mbili na kigoda, akatoka nazo nje.